Mihadhara ya afya ifike barazani

Mhariri,

Mpwa wangu anasomea afya ya jamii. Juzi alikuja na simu imejaa mihadhara ya epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea) ya Supercourse, mkusanyo ulioasisiwa na Ronald LaPorte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Ni maelfu, yote bure, na mwalimu wa nchi yoyote aweza kuichukua akafundishia. (Kwetu Majengo ukitaja mhadhara, watu huuliza ni msikiti gani.)

Nikamwambia atusomee mmoja unaohusu mbu, pale barazani. Akakwama. Kiingereza chake anacho chote. Kiswahili chake hana. Mamangu, aliyekuwa akipepeta mchele, akamsaidia: "Hao wanaochezacheza majini si viluwiluwi? Mimi huwachuja kwa leso kila asubuhi." Dramu lake liko uani, maana mferejini maji hutoka yakitaka, na mtungi wa lita 20 wa mkokoteni una bei yake.

Hapo ndipo mhadhara ulipoanza hasa. Kijana akaeleza kwamba mbu anayeeneza homa za dengue na chikungunya, Aedes aegypti, hutaga mayai kwenye ubavu wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa, na yakifikiwa na maji tena huanguliwa. Basi kuchuja hakutoshi, hata kumwaga hakutoshi: dramu lisuguliwe ndani, kisha lifunikwe vizuri. Tena mbu huyu huuma mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa.

Mama akaudhika. Chikungunya ilipoingia Mombasa mwishoni mwa 2017, alikaa wiki kadhaa mikono haiwezi kukamua tui. "Na haya yote mlikuwa mnayajua?" akauliza. Kijana akatazama simu yake.

Jina lenyewe la chikungunya ni la Kimakonde, kwa vile mgonjwa hujikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika miaka ya 1950. Jina tumelitoa sisi watu wa huku, maelezo tunasomewa kwa Kiingereza!

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya hapa Mombasa: itieni mihadhara hii Kiswahili. Kisa cha John Snow, daktari aliyegundua kwamba kipindupindu kilitoka kwenye bomba la maji la Broad Street, London, mwaka 1854, kibaki, ni kitamu, lakini kando yake pawe na dramu la uani. Njooni baada ya swala ya alasiri. Majamvi na kahawa tutatoa sisi.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa