Mwamba uliopauka upimwe tena kabla ya kufunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wenzangu wa dikoni, pale tunaposhushia samaki, wanaosema miamba ya Tanga imeshakufa kwa joto, kwa hiyo ile iliyofungwa ifunguliwe watu wavue. Maneno hayo yameshika kasi tangu matumbawe, viumbe wanaoujenga mwamba, yalipopauka mwaka 2024. Nayapinga, kwa sababu kazi yangu ni kuzamia. Nilianza na majongoo bahari, baadaye nikafundishwa kupima miamba pamoja na watafiti.

Kupima si kuchungulia majini na kukisia. Tunatandaza tepu ya mita 50 juu ya mwamba. Anayehesabu samaki hutangulia, kabla hawajashtuka, akiwaandika walio ndani ya upana wa mita 5. Mwenzake hufuata na penseli na kibao cha plastiki, akiandika kilicho chini ya tepu: tumbawe hai, lililopauka, lililokufa na kuota mwani, mchanga, kifusi.

Lililopauka na lililokufa huandikwa mbali mbali, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Tumbawe likizidiwa na joto huvitoa vijimea vinavyoishi ndani yake na kulilisha. Hubaki jeupe, lakini li hai. Maji yakipoa mapema, rangi hurudi. Joto likidumu, hufa njaa. Yale ya matawi hufa haraka, yale makubwa ya mviringo huvumilia zaidi. Kwa hiyo aliyepita na mtumbwi mwishoni mwa kaskazi akaona weupe mtupu, hajui bado kilichopona.

Hata lililokufa kwa joto huacha gogo lake, yaani mifupa yake migumu, limesimama, na vitoto vya matumbawe hupata pa kushika. Palipopigwa baruti ya kuvulia samaki ni habari nyingine kabisa. Kifusi kinabingirika kila mkondo ukipita, kinavisaga vitoto hivyo miaka nenda miaka rudi. Nimezamia mashimo ya baruti ya zamani ambayo hadi leo hayajaota kitu.

Ndiyo maana samaki nao huhesabiwa. Pono na kangaja hula mwani unaotaka kuyafunika magogo yale. Kikande hula vile viumbe vya miiba ambavyo vikizidi huukwangua mwamba ukabaki mtupu. Tukifungua sasa, madema, ile mitego yetu ya samaki, yatawazoa hao hao, wakati ambao mwamba unawahitaji kuliko wakati wowote.

Tena bahari yetu ina bahati. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kati ya Shimoni, Kenya, na Dar es Salaam maji baridi ya kina kirefu huipunguzia miamba makali ya joto. Tukiikatia tamaa ya hapa, sijui tutatumainia ipi.

Linaloniuma ni kwamba upimaji huja na mradi na kuondoka na mradi. Vijiji vya Tanga vilishiriki kupima miamba yao tangu miaka ya 1990, chini ya mpango wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994. Fedha zilipokwisha, mazoea yakafifia. Kuna timu niliyoisaidia ikachukua vipimo vyake na hatukuviona tena. Mwamba mmoja ukipimwa mara moja, hakuna awezaye kusema unapona au unakwisha.

Naiomba halmashauri na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga watenge sehemu ya ada za wageni, wazamiaji wa vijijini wapime mistari ile ile mara mbili kila mwaka, joto linapopanda na baada ya kusi, na matokeo yasomwe dikoni kwa Kiswahili, akina mama wanaovua pweza wakiwepo. Na kikao chochote cha kijiji kinachotaka kuufungua mwamba kidai kwanza vipimo hivyo viwili.

Mzamiaji,
Kigombe, Muheza