Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama tunaoishi hapa Brazil, mama zetu, baba zetu na vijana,

Mwaka huu simu zilizonikosesha usingizi zilitoka Bukavu, Goma na Nairobi, na swali lilikuwa moja: bado mtu anaweza kukata tiketi ya kupitia São Paulo, akatua uwanja wa ndege wa Guarulhos na kuomba hifadhi? Tangu tarehe 26 Agosti jibu limebadilika. Abiria anayepita tu kwenda nchi nyingine, asiye na viza ya Brazil, anatakiwa aendelee na safari au arudi alikotoka. Serikali inasema wengi, hasa kutoka India, Nepal na Vietnam, waliomba hifadhi pale uwanjani kisha wakashika njia ya Acre, jimbo la mpakani na Peru, kuelekea Marekani. Sawa. Ila na sisi wengi tuliingilia mlango huo huo, na tumebaki hapa hapa tunalipa kodi ya nyumba. Nawasihi msiwape ndugu zetu matumaini ya 2015, mlango ulipokuwa wazi. Anayewauzia tiketi ya namna hiyo leo anawauzia hewa.

Aliye ndani tayari, haki zake ziko palepale. Sheria ya wakimbizi ya 1997 ipo, na ile ya uhamiaji ya 2017 ilifuta sheria ya 1980 iliyoandikwa enzi za utawala wa kijeshi. Ukiwa na protokolo, yaani hati ya kuonyesha umeomba hifadhi, unapata namba ya CPF (ya mlipa kodi), kitabu cha kazi na matibabu ya SUS, huduma ya afya ya umma. Shida ni waajiri. Mmoja alimkatalia mama yetu, eti ile ni karatasi tu. Katibu alikwenda naye akiwa amechapisha dekreti (amri ya serikali) namba 9.277 ya 2018 kuhusu hati za waomba hifadhi. Safari ya pili akaajiriwa.

Kuhusu CONARE, kamati ya taifa inayoamua nani ni mkimbizi: Wavenezuela walianza kupokelewa kwa mkupuo mwaka 2019, takriban 21,000 kwa siku moja mwezi wa Desemba mwaka huo. Sisi bado tunahojiwa mmoja mmoja, na kusubiri ni miaka. Siwaonei wivu, nao wametembea na watoto mgongoni hadi Pacaraima, mji wa mpakani na Venezuela.

Wenye ukaazi na mtoto aliyezaliwa hapa, kumbukeni kwamba muda wa kuomba uraia unaweza kushuka kutoka miaka 4 hadi 1, mradi mjue kuzungumza Kireno. Darasa la Kireno la Jumamosi lina viti vitupu, jambo linalonishangaza.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ambao protokolo zao zinakaribia kumaliza mwaka wake wa matumizi, zileteni kwa katibu leo kabla hamjaondoka.

Mwenyekiti