Tarehe ya mashindano ya taifa ya baiskeli itangazwe mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Najua mpira ndo unajaza gazeti na sina ugomvi na mpira, ila kuna jambo linatuumiza sisi wa ridhaa tunaoendesha baiskeli za velodromu, ule uwanja wa kuzunguka wenye kona zilizoinuka, na sijaona mtu akiliandika. Ni tarehe za mashindano ya taifa. Zinatangazwa kwa kuchelewa, zikishatangazwa zinasogezwa, alafu siku yenyewe mtu akifanya vibaya gazeti linatoa mstari mmoja tu kwamba alionekana kuchoka. Kachoka kweli, lakini kuna aliyeuliza kwanini?

Wasomaji wengi baiskeli wanazozijua ni za barabarani, zile za Tour de France, hizi zetu ni kitu kingine kabisa. Hazina breki, hazina gia za kubadilisha, na pedeli zimefungamana na tairi la nyuma, yani tairi likizunguka na mguu unazunguka utake usitake. Uwanja wa kimataifa mzunguko wake ni mita 250 na kona zimeinuka nyuzi 40 na zaidi, ukizubaa na kupunguza mwendo pale juu unateremka na mbao za uwanja mpaka chini. Mimi nashindana mbio za kufukuzana za mtu mmoja mmoja, mita 4,000, mizunguko 16, mnaanza wawili kila mtu upande wake wa uwanja.

Sasa piga hesabu. Mzunguko mmoja kwa sekunde 18 ni mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo karibu nguvu yako yote inaishia kupambana na hewa. Ukiongeza nusu sekunde tu kila mzunguko, mwisho wa mbio umepoteza kama sekunde 8, na sekunde 8 huku kwetu ni tofauti ya mtu anayegombea medali na mtu anayeangalia fainali akiwa jukwaani. Kocha anasimama kando ya mstari, ukiwa mbele ya muda mliopanga anahamia upande huu, ukiwa nyuma anahamia upande ule, na wewe unamwona kwa pembe ya jicho tu maana kichwa umekiinamisha katikati ya mikono na mapafu yanawaka moto. Hawezi kukupigia kelele ukasikia. Unaona miguu yake ilipo, basi.

Hiyo nusu sekunde watangazaji wanapenda kusema ni moyo. Moyo upo, kila aliyefika pale anao. Nusu sekunde inatoka kwenye maandalizi ya siku za mwisho. Miezi yote unaujaza mwili mazoezi mazito mpaka ngazi za nyumbani unazichukia, alafu wiki moja au mbili kabla ya mashindano unapunguza kilomita, unabakiza zile kasi fupi fupi, miguu inaanza kuwa myepesi. Wepesi huo haukai. Tarehe ikisogezwa mbele wiki tatu wakati umeshapunguza, unatakiwa urudi kwenye mazoezi mazito na ushuke tena upya, na ikirudishwa nyuma ndo balaa zaidi, unaingia uwanjani na miguu ya zege.

Gia nayo ni hivyo hivyo. Kwa kuwa huwezi kubadilisha ukiwa mbioni, unaichagua kabla. Kwa meno 54 mbele na 14 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja unasogea kama mita 8, kwahiyo kwenye kilomita 50 kwa saa miguu inazunguka zaidi ya mara 100 kwa dakika. Ukitaka kupanda gia kubwa zaidi mwili unahitaji wiki za kuizoea, hasa ule mwanzo wa kutoka umesimama kabisa. Nizoee lini kama sijui nashindana lini?

Mtu anayelipwa ana watu wa kumpangia upya. Mimi naomba ruhusa kazini, uwanja natumia kwa zamu na watoto na wanaojifunza, usiku nipo chumbani juu ya rola, yale mapipa yanayozunguka chini ya tairi ukiendesha palepale, majirani wananilalamikia. Ruhusa ikishatolewa bosi haibadilishi tena kwa sababu eti shirikisho limebadilisha kalenda.

Kuna atakayenikumbusha Graeme Obree, yule Mskoti aliyejaribu rekodi ya saa moja, yani umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja, tarehe 16 Julai 1993 pale Hamar, Norway, akashindwa, akarudi kesho yake asubuhi akaivunja kwa kilomita 51.596. Usiku anasema alikunywa maji mengi makusudi ili aamke aamke anyooshe miguu. Sawa, lakini huyo ni Obree! Mimi nawaonyesha Ashton Lambie wa Marekani, wa kwanza kumaliza mita 4,000 peke yake chini ya dakika 4, Agosti 2021 pale Aguascalientes, Mexico. Alikwenda kwenye uwanja ulio juu ambako hewa ni nyepesi, siku ikiwa imepangwa, akatoka na 3:59.930. Kwa kalenda ya kubahatisha hiyo isingetokea.

Na kina dada wana lao. Kuanzia 2025 shirikisho la dunia, UCI, limepandisha mbio zao za kufukuzana kutoka mita 3,000 hadi 4,000, mizunguko 4 ya ziada, na maandalizi yake siyo yale yale hata kidogo. Kwenye klabu yetu kuna anayefanya mazoezi ya umbali wote miwili kwa sababu hakuna aliyemwambia taifa watatumia upi.

Kwahiyo Mhariri, ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu wa michezo apige simu shirikisho aulize tarehe, uwanja, na umbali wa wanawake, na je wakibadilisha watatoa notisi ya muda gani. Majibu myachape hata kwenye kiboksi kidogo chini ya msimamo wa ligi, na wakikataa kujibu chapeni kwamba wamekataa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwendesha baiskeli wa ridhaa