Kikombe cha kwanza

Silver Spring, Maryland
Jumapili jioni

Somo yangu,

Salaam aleikum, na baada ya salamu, sisi huku wazima. Baridi imelegea, magoti yaniuma kama ya bibi kizee, mengine twamshukuru Mungu. Nataraji hapo Kibokoni nyote hamjambo na mguu wa Ami umepoa. Naandika kwa mkono kwa kuwa yule kijana wa suti (unamjua) asafiri Alhamisi na amekubali kubeba bahasha. Akirudi ana nafasi ya mzigo mdogo. Nitakwambia mzigo gani, ngoja kwanza.

Karibu na kituo changu cha basi kuna mkahawa wa mama mmoja Muhabeshi. Twamwita Emama, sote, hata Wazungu. Nilianza kuingia kwa sababu ya saa yake ya ukutani. Hawa wenzetu wahesabu saa kama sisi, na yeye ameitega hivyo. Siku moja natoka zamu ya usiku, nainua macho, mshale uko kwenye mbili, na kweli ni saa mbili asubuhi! Miaka sita nasoma nane natamka mbili, sikujua kama nimechoka nayo. (Kalenda yao ndiyo siiwezi. Miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya wetu miaka saba au minane. Emama asema ndiyo maana hazeeki.)

Siku za kazi watu hununua kahawa ya kikombe cha karatasi, wakenda zao. Lakini Jumamosi asubuhi hutandaza majani mabichi pembeni, akavukiza ubani, akaweka bakuli la bisi, na vigoda. Buni wao waita buna. Huziosha mbele yako, huzikaanga, kisha hupitisha kikaango kwa kila mtu uvute ule moshi kwa mkono. Mimi sikujua, nikarudi nyuma nikakohoa kama mwenye pumu. Kisha hutwanga, huchemsha ndani ya jebena, birika la udongo jeusi lenye shingo nyembamba, na humimina kwa juu bila kumwaga tone. Vile vikombe visivyo na mkono wao huviita sini. Sini, somo!

Basi nikanywa kimoja. Kikali, kizuri. Nikatazama saa ile ile ninayoipenda, basi laja, nikatia dola tano chini ya kisahani, nikasema asante, huyoo.

Jumatatu Muhabeshi mwenzangu wa kazini akaniuliza kama nimegombana na Emama. Kumbe kahawa ile hupikwa mara tatu kwa unga ule ule: abol, tona, baraka. Kuondoka kwenye abol ni kama kumwacha mtu na neno mdomoni. Na kibaya zaidi, ya Jumamosi haiuzwi. Yaani nimekaribishwa kwa mtu, nimekula, nimemwekea pesa juu ya mkeka.

Wiki tatu nilipita barabara ya nyuma.

Niliporudi hakusema kitu. Alitoa ile noti kwenye mtoto wa meza, imekunjwa vile vile, akanitia mkononi, akaanza kuosha buni upya. Nilikaa mpaka saa nne na nusu. Mabasi yalipita sijui mangapi. Kwenye kikombe cha pili akanieleza alivyotoka kwao enzi za utawala wa Mengistu, kwa miguu mpaka Sudan, na alivyofika Marekani hana hata jebena. Mara ya kwanza alikaanga buni kwenye kikaango cha mayai, moshi ukaamsha king'ora cha jengo zima, wazimamoto wakaja na shoka zao. Akawakaribisha. Asema wawili walikaa mpaka tona. Cha tatu huwa chepesi, rangi tu. Baraka. Hilo hakunitafsiria.

Sasa mdomo wangu. Nikamwambia hata kwetu Mombasa kuna kahawa, dele la shaba lenye makaa chini, tangawizi, kashata, na muuzaji hugonganisha vikombe njiani. Akaniuliza, wajua kuipika? Nikasema ndiyo. Mimi! Wewe shahidi, kahawa ni ya barazani, ya wanaume. Sisi tuliijua kwa ule mlio, tukiitwa tuingie ndani. Amenipa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, na watu ameshawaambia.

Kwa hiyo muulize Ami. Tangawizi aiponda au aikata, na kiasi gani kwa dele moja? Iliki hutia? Yachemka muda gani kabla ya kuteremshwa? Na unitafutie dele dogo lililotumika, si yale ya kuuzia wageni karibu na Ngome, na vikombe sita. Kashata nitajaribu mwenyewe, Mungu atanisitiri.

Hiyo ndiyo shida niliyokusudia kuiandika. Lakini ile noti, somo. Nimeirudisha kwenye mkoba na sijaweza kuitumia. Kila nikifungua nakuona wewe. Mama yako alipofariki nilituma pesa usiku ule ule, ukaandika "imefika", nami nikaandika pole na kwamba niko kazini. Kweli nilikuwa kazini. Tangu hapo kila nikitaka kupiga simu nasema kesho, nikipata muda wa kukaa vizuri, na imekuwa miezi minane. Sikupiga hata arobaini. Sijui nilidhani ile pesa ita... basi.

Matanga yalikuwaje? Kahawa alipika nani, Ami mwenyewe na mguu ule? Ulipata mtu wa kulala nawe, au ulishinda ukipokea watu tu? Chumba chake umekifungua? Ile kanga yake ya kisutu yuko nayo nani? Desemba napata wiki tatu. Nikija, utanipokea au utanichukia? Nipigie hata usiku, siku hizi sizimi simu.

Wako,
Somo

Vikombe fanya saba. Nimesahau kumhesabu Emama.