Omba mkate ukiwa na mgeni mlangoni

Bukoba, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Tumaini,

Bwana Yesu asifiwe sana. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mdogo wako alipokuja msibani. Huku tu wazima. Baba Baraka goti linamsumbua, ila shambani anakwenda, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye daktari. Poleni na joto la Dar.

Nimecheka, halafu nikakasirika. Nimecheka uliposimulia yule mtumishi wa Mungu kwenye mkesha wa maombi alivyokusukuma paji la uso ukakaza miguu, ukabaki umesimama peke yako katikati ya watu waliolala chini wamefunikwa kanga. Nikakasirika nilipofika pale alipokutangazia kwenye kipaza sauti kwamba hupokei kwa sababu huna imani, kisha akina dada wa mapokezi wakakuelekeza kwenye meza ya mafuta. Mtu amekwenda kuomba Roho Mtakatifu, anarudi nyumbani na chupa na risiti ya M-Pesa! Tuyaache hayo, nitatenda dhambi.

Swali lako ndilo limenikalisha mezani. Unauliza kama ukae ukisubiri Mungu akuguse kwa wakati wake, au kuna jambo mtu anatakiwa kufanya ili apokee karama. Na kama lipo, umeshindwa wapi miaka yote hii.

Kukaa tu, hapana. Paulo hakuwaambia Wakorintho watulie. Aliwaambia, "Ufuateni upendo, na kutaka sana karama za rohoni." Timotheo naye, ambaye karama alikuwa nayo tayari tangu alipowekewa mikono, anaandikiwa aichochee, na asiache kuitumia. (Na sisi Walutheri tuliwekewa mikono siku ya kipaimara, tukatoka nje kupiga picha na kula pilau. Nani kati yetu alirudi nyumbani akauliza amepewa nini?) Kwa hiyo yule mtumishi wako kwa upande mmoja amesema kweli: karama hutakwa, huombwa, hufuatwa. Tatizo langu liko kwenye kile ambacho watu wanakitaka wanapopanga mstari.

Soma Matendo sura ya 8, habari za Simoni wa Samaria. Huyo alitaka sana kuliko wote. Alifika hadi kwa Petro na fedha mkononi, akisema, "Nipeni na mimi uwezo huu." Ninachokiona kila nikisoma pale ni kwamba hakuna mgonjwa anayemtaja, hakuna jirani, hakuna mama yake mzazi wala mtoto wa mtu. Anataka uwezo ukae kwake, watu watapatikana baadaye.

Sasa fungua Luka 11. Sisi mfano ule wa rafiki wa usiku wa manane tumeuzoea kwa mambo yetu: ada, kiwanja, mchumba, kupandishwa cheo. Bisha, bisha, utafunguliwa! Lakini yule bwana aliyeamsha watu usiku hakuwa na njaa. Kwake alifika mtu kutoka safarini, na yeye akaangalia ndani akaona sufuria tupu. "Nami sina kitu cha kuweka mbele yake." Mikate mitatu aliyoiomba haikuwa yake. Na Yesu akimaliza mazungumzo hayo hasemi Baba atawapa nyumba au gari, anasema atawapa Roho Mtakatifu hao wamwombao. Tangu nilipoyasoma hayo mawili kwa pamoja nimeacha kuomba karama hivihivi. Naomba nikiwa na mtu. Nataja jina lake, nataja shida yake, namwambia Mungu, huyu amefika kwangu na mimi sina kitu.

Nikupe mfano mmoja. Hapa jirani yupo binti aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwaka jana alijifungua mtoto aliyekwisha kufa tumboni. Wazee wachache walimzika mapema asubuhi, hakukuwa na matanga ya maana, na baada ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa umenyamaza kana kwamba hakuna kilichotokea. Waliokwenda kumwona walimwambia zile zetu: bado kijana, Mungu atakupa mwingine, shukuru wewe umepona. Yule binti akawa hatoki. Kisimani anakwenda usiku.

Mimi unanijua, si mtu wa maneno ya kufariji. Nikifika msibani naingia jikoni kuosha masufuria ili nisiulizwe kitu. Safari hiyo nililia na Mungu nikiwa shambani, na jembe mkononi. Nikamwambia, unipe neno la kumpelekea, mimi sina. Sikusikia sauti, usije ukawasimulia watu huko kwamba nimesikia sauti. Lililonijia ni swali, na lilinijia nikiwa nimeshafika mlangoni kwake: mtoto mlimpa jina gani?

Aliniangalia muda mrefu. Akaniambia jina. Akasema tangu siku ile hakuna mtu aliyemuuliza, hata mumewe anaona haya kulitaja. Halafu akafungua begi la kliniki, akatoa kofia ya sufu ya rangi ya maziwa aliyoifuma mwenyewe, mshono wa mwisho haujafungwa, uzi unaning'inia. Tulikaa hadi kuku wakaingia bandani. Sikuomba sala ndefu. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kwenye jumuiya, akakaa nyuma. Sasa ananisaidia kuwatembelea wengine waliopatwa na yale yale, na kusema kweli yeye ana karama hiyo kuliko mimi. Mimi niliazimwa kwa siku ile.

Hiyo ya kuazimwa naomba uifikirie. Watu wanaongea kama vile karama ni hati ya kiwanja, ukishapata unazungushia ukuta. "Kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana," ndivyo ilivyoandikwa, na Petro anatuita mawakili. Wakili anashika mali ya mwingine. Inawezekana kabisa Mungu akakupa neno la hekima Jumanne kwa ajili ya mtu mmoja, na Jumatano ukawa huna la kusema hata kwa mwanao. Usikate tamaa kwa hilo.

Jambo jingine, wewe umehesabu lugha, unabii na uponyaji, ukaona hakuna hata moja lako, ukafunga hesabu. Rudi kwenye orodha ya Paulo ukaimalizie. Baada ya karama za kuponya wagonjwa anaandika "masaidiano, na maongozi," kabla hata hajafika kwenye lugha. Warumi 12 yupo mwenye kukirimu, mwenye kusimamia, mwenye kurehemu kwa furaha. Hapa jumuiyani tuna mama mmoja ambaye hajawahi kusimama kutoa ushuhuda. Akienda kumwona mgonjwa aliyelala kwa kiharusi anabeba wembe mpya, Vaselini na kitambaa. Anamkata kucha, anampaka mgongo mafuta, anamgeuza ubavu ili asitoke vidonda, anamsimulia habari za sokoni nani kagombana na nani. Mgonjwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mwenye kurehemu kwa furaha huyo hapo, na bango lake hutaliona likibandikwa ukutani.

Wala sisemi uponyaji umekwisha. Nisingethubutu, nimelelewa na Bibi. Yeye alikuwa mtu wa uamsho, wa wale waliompokea Yesu moto wa uamsho ulipofika huku Bukoba kutoka Rwanda na Uganda, wakiimba ule wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ambao hata wewe unaujua. Unakumbuka uamsho huo ulianzaje? Mwaka 1929 daktari wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, Joe Church, alikwenda Kampala akiwa hoi. Njaa ilikuwa imepiga nchi, kazi imemshinda, moyo mkavu. Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, mtu aliyekuwa na kiu ile ile. Wakakaa na Biblia, wakaomba pamoja wajazwe Roho Mtakatifu. Hapakuwa na jukwaa. Na miaka ya 1930 moto ulipowaka, watu hawakuonyeshana nguvu tu. Waliungama, wakapatana na maadui zao, wakarudisha vitu walivyoiba. Bibi alikuwa akituambia ukitaka kujua kama Roho amemshukia mtu, kaulize kwa wanaomdai.

Ndiyo maana nasema uombe ukiwa na mwenzako, usiombe peke yako chumbani hadi uanze kuamini kila linalokupitia kichwani. "Msimzimishe Roho," sawa, lakini mistari miwili mbele Paulo huyo huyo anasema "jaribuni mambo yote." Ukipata neno kwa ajili ya mtu, lipeleke kwa upole na umwachie nafasi ya kulikataa. Habari za "Bwana ameniambia uachane na huyo mwanamume" tuwaachie wenyewe. Na mgonjwa ukimwombea, dawa zake aendelee kumeza.

Sasa nije kwako. Kwenye barua umenijazia kurasa mbili za yule mtumishi na mafuta yake, halafu mwishoni, kwa mstari mmoja, umemtaja msichana wa kazi wa nyumba ya jirani ambaye unamkuta akilia nyuma kwenye kamba za nguo, mtoto wa miaka kama kumi na mitano. Ukaendelea na bei ya mchele. Mama Tumaini, huyo ndiye mgeni wako wa usiku wa manane.

Siku zile za UKWATA, umoja wetu wa wanafunzi Wakristo shuleni, wewe ulikuwa hupangwi kuhubiri, maana ukisimama mbele ulitetemeka hadi daftari linadondoka. Lakini taa zikizimwa bwenini, kitanda chako ndicho kilichokuwa na foleni. Mwenye mama mgonjwa, aliyerudishwa kwao kwa kukosa ada, mwenye barua ya mvulana, wote walikuja kwako. Ulikuwa husemi kitu. Ulisikiliza mpaka mtu akapitiwa na usingizi hapo hapo, na asubuhi matroni akikuta watu wawili kitanda kimoja, aliyechapwa ni wewe. Hukulipia semina kupata hiyo. Miaka yote nilidhani unajua.

Basi mwombee yule mtoto kwa jina. Kama hulijui, anza kwa kumuuliza. Mwombe Mungu mikate mitatu kwa ajili yake. Halafu kesho yake uwe na nguo za kuanika saa ile ile anayoanika yeye. Usimwulize "kwa nini unalia," atakimbia. Mwulize kwao ni wapi, mama yake anaitwa nani, mara ya mwisho ameongea naye lini. Kama ni upweke tu, utajua la kufanya, pale kwako hapakosi chai. Lakini kama anapigwa, au halipwi, au kuna baba mwenye nyumba anayemsumbua usiku, hapo usije ukabaki na maombi peke yake. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Polisi nao wana dawati la jinsia na watoto. Nenda na mama mwingine wa jumuiya yenu, mwenye umri na mwenye mdomo, maana wewe kwenye ofisi za watu huwa unakubali kila unachoambiwa. Mdomo huo ni karama yake, mwache autumie.

Na huko kwenye mikesha, ukitaka kwenda nenda, sikukatazi. Kuimba kwao nasikia ni kuzuri. Pochi tu iache nyumbani.

Niandikie upesi uniambie yule msichana anaitwa nani, nimwingize kwenye maombi ya Jumatano. Kadi ya mchango wa harusi nimeiona, nitatuma mwisho wa mwezi. Msalimie sana Baba Tumaini, na mwambie senene zikianza kuanguka nitawafungia mfuko kwa basi, ila safari hii awaachie na watoto.

Wako katika Bwana,
Mama Baraka