Kabla Hatujakutoa Damu ya Kipimo cha CK, Tuambie Juzi Ulifanya Nini

Karatasi ya majibu ina tabia moja mbaya: namba ikizidi kiwango inawekewa alama, lakini sababu haiandikwi. Ndiyo maana mteja anayetoka kwetu na CK iliyopanda hufika nyumbani ameshajihukumu kuwa ana ugonjwa wa moyo, kumbe juzi alikuwa ananyanyua vyuma.

CK, yaani kreatini kinesi, ni kimeng'enya kinachosaidia misuli kupata nguvu ya haraka inapofanya kazi. Makao yake ni ndani ya chembe za misuli. Chembe ikiumia, kinavuja na kuingia kwenye damu, na kilichovuja ndicho tunachopima. Ni sawa na kukuta maji sakafuni: unajua kuna chombo kinachovuja, ila hujajua ni kipi.

Mazoezi mazito, hasa kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kujishughulisha, hupandisha CK hadi mara kadhaa ya kiwango cha kawaida, na kilele chake huja siku ya kwanza hadi ya tatu baadaye. Kuanguka, degedege, hata sindano ya kwenye msuli, vyote huipandisha. Kwa hiyo pumzisha mwili siku tatu kabla ya kuja. Kwa kipimo hiki peke yake, kunywa chai asubuhi hakuna shida. Tutajie pia dawa unazotumia, hasa statini za kushusha kolesteroli, kwa kuwa baadhi ya watu huwaumiza misuli. Lakini usiziache kabla ya kuongea na daktari wako.

Jambo jingine lisilosemwa vya kutosha: wanaume kwa kawaida wana CK ya juu kuliko wanawake, na watu wenye asili ya Afrika huwa nayo juu zaidi hata wakiwa wazima kabisa. Si kila kiwango kinachochapwa kwenye majibu kinalizingatia hilo.

Na moyo je? Zamani aina yake iitwayo CK-MB ndiyo iliyotegemewa kutambua mshtuko wa moyo. Tangu mwaka 2000, mwongozo wa wataalamu wa moyo wa Ulaya na Marekani umeipa troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, nafasi ya kwanza, kwa sababu inauelekea moyo zaidi kuliko misuli mingine na hubaki juu kwa siku nyingi, wakati CK-MB hurudi chini ndani ya siku mbili tatu. Hata hiyo troponini, ikipimwa mapema mno, inaweza kuonekana sawa, hivyo hurudiwa baada ya saa chache. Tunapoteza mteja kwa kusema hivi, lakini tunasema: kifua kikikubana, jasho jembamba likakutoka, usije maabara. Nenda hospitali, idara ya dharura, saa hiyo hiyo.

CK ina faida yake mahali ambapo wengi hawafikirii. AST na ALT, vimeng'enya tunavyoviita vipimo vya ini, vimo pia kwenye misuli. Mtu anaweza kuhangaika na ini miezi mingi wakati kinachovuja ni msuli. Kwa mtoto wa kiume aliyechelewa kutembea, anayeanguka ovyo, anayejishika mapaja ili ainuke, muulize daktari kuhusu CK. Katika ugonjwa wa misuli wa Duchenne hupanda mara kumi na kuendelea.

Misuli ikivimba na kuuma vibaya, nao mkojo ukawa wa rangi ya kahawa, hiyo ni dharura nyingine. Msuli unavunjika kwa wingi, na mayoglobini, protini ya msuli inayotoka humo, inaziumiza figo.

Ukiwa huna dalili yoyote na CK imezidi kidogo tu, mara nyingi daktari atakuambia upumzike wiki moja kisha urudie. Ukirudi, njoo na karatasi ya kwanza, hata kama ni ya maabara nyingine.