Bakuli la Newport News

Newport News, Virginia
Novemba 2025

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie dawa ya presha asiikatishe eti kwa kuwa kichwa kimeacha kuuma. Pesa nimetuma Ijumaa, nadhani mmeshapata. Mimi na watoto hatujambo, ila baridi imeanza mapema na magoti yananikumbusha umri.

Ama baada ya salamu, ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa jikoni nakaanga samaki, nikacheka peke yangu. Unasema hapo barazani mmeshakubaliana kwamba kura ni mchezo wa kuigiza, kwenu Kenya na huku Marekani, na kwa hivyo huendi kujisajili kwa ajili ya uchaguzi wa Kenya wa 2027. Halafu ukaniuliza: "Dada, wewe umepiga kura huko, imebadilisha nini?" Umeuliza, basi sikupambii.

Lile mnaloliona kwenye televisheni, hapo una haki. Rais wa Marekani hachaguliwi kwa kuhesabu vichwa. Kila jimbo lina wajumbe wake wanaompigia rais kura, jumla yao 538, na anayefikisha 270 ndiye. Virginia tuna 13. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 3 nchi nzima, na bado akarudi nyumbani. Karibu kila jimbo, anayeongoza hata kwa kura moja huwazoa wajumbe wote, ndiyo maana wagombea hupiga kambi kwenye majimbo machache yanayoyumba, na kwingine hupita kuchangisha pesa tu. Mizani hiyo imepinda, na kuifuta kabisa kunataka kubadilisha katiba, kazi ambayo wanaofaidika nayo hawana haraka. Kama ulikuwa unauliza kuhusu rais peke yake, ningekuambia endelea na kahawa yako.

Lakini mimi nimeishi mji huu wa viwanda vya meli, na hapa niliona uchaguzi ukiamuliwa kwa bakuli.

Mwaka 2017 sikuwa raia bado. Nilikuwa naosha vyombo kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, kwa dola 7.25 kwa saa. Ndicho kima cha chini cha nchi nzima, na hakijapanda tangu 2009. Saa 40 kwa wiki, dola 290, kodi bado haijakatwa. Novemba ile kulikuwa na uchaguzi wa bunge la jimbo. Mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa hapa hapa, alisema atapitia kituoni akitoka kazini. Tulitoka jua limezama, miguu imemvimba, vituo vinafungwa saa moja. Akaniambia, "Watanikosa nini mimi?" Akaenda zake kulala.

Kura za eneo letu zilipohesabiwa, David Yancey wa chama cha Republican alimshinda Shelly Simonds wa chama cha Democratic kwa kura 10. Desemba zikahesabiwa tena, Simonds akawa mbele kwa kura moja. Kesho yake majaji watatu wakakalia karatasi moja tu: mtu alikuwa amejaza viduara vya wagombea wote wawili, kisha akapitisha mstari kwenye cha Simonds. Wakaamua hiyo ni ya Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608. Sheria ya Virginia inasema wakitoshana, wapigiwe kura ya bahati. Sisi kwa Kiswahili hatuna taabu, ya debe na ya bahati zote ni kura. Wamarekani walishangaa sana. Tarehe 4 Januari 2018 kila jina likatiwa ndani ya kikebe cha filamu ya kamera, vile vya zamani alivyokuwa navyo mpiga picha wa harusi mtaani kwetu. Vikebe vikatumbukizwa kwenye bakuli la kauri lililoazimwa kutoka jumba la sanaa, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akatia mkono. Likatoka jina la Yancey.

Tulitazama kwenye chumba cha mapumziko kazini. Mwenzangu alikuwa anakula tufaha. Aliliacha nusu, akarudi kwenye sinki bila kusema neno.

Kwa kikebe hicho Republican wakabaki na viti 51, Democratic 49. Kabla ya hapo walikuwa 66 kwa 34. Na sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo jamaa zako wa barazani wanapokosea: walioshinda waliingia bungeni na woga. Gavana aliyetangulia alikuwa amewaomba miaka yote wapanue Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, nao wakikataa kila mara. Mwisho wa Mei 2018 bunge lile lile, wengi wake chama kile kile, likapitisha. Mimi siamini waliamka na huruma. Walikuwa wamepoteza viti 15, na cha 16 wamekiona kikigaragara bakulini.

Bima ikaanza Januari 2019. Jirani yangu wa nyumba ya chini anafua mashuka hotelini na ana sukari. Kabla ya hapo alikuwa akijidunga nusu ya kipimo cha insulini ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Siku kadi ilipoletwa na posta, alipanda ngazi kuja kunionyesha, ameishika kwa vidole viwili kama picha ambayo haijakauka. Akaniuliza kama nadhani ni ya kweli.

Mwaka huo huo nikiwa raia nilipiga kura yangu ya kwanza, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi, umenuka soksi za watoto. Simonds na Yancey walirudiana, na mara hii Simonds akashinda bila bakuli. Sitakudanganya kuwa ni kura peke yake: mahakama ilikuwa imeamuru mipaka ya maeneo kadhaa ichorwe upya, kwa kuwa ile ya zamani iliwarundika watu weusi mahali pamoja ili sauti yao isifike kwingine. Waliojitokeza jimbo zima hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Wachache hao wakageuza bunge lote likawa la Democratic, mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya mishahara, na tarehe 1 Mei 2021 kima cha chini cha Virginia kikatoka 7.25 hadi 9.50. Miaka minne ya kusugua sufuria ilikuwa imeniongezea senti 50. Siku moja hiyo ikaniongezea dola moja na senti 75. Ile karatasi ya mshahara ninayo, nimeiweka pamoja na cheti cha uraia.

Basi ungetaka niishie hapo. Siwezi. Mwaka 2021 watu wakachoka, au wakakasirika, au wakakaa nyumbani, akachaguliwa gavana Glenn Youngkin wa Republican. Mpango ulikuwa mshahara ufike dola 15. Bunge likampelekea mswada 2024, akaukataa, likampelekea tena 2025, akaukataa. Mwaka huu wa 2025 tuko kwenye dola 12.41. Na Julai hii Trump ametia saini sheria inayotaka wengi wa wenye Medicaid kama ya jirani yangu, ikifika 2027, wathibitishe wanafanya kazi, wanasoma au wanajitolea saa 80 kwa mwezi. Yeye anafanya kazi. Ila wakati wa baridi wageni hupungua na hoteli humpunguzia saa, na fomu haijui majira. Kwa hiyo ndiyo, ninachokipata kwa kura wenzangu wanaweza kukitoa kwa kura, na wamekitoa.

Tarehe 4 mwezi huu tulikuwa na uchaguzi wa gavana tena. Wagombea wakuu wote wanawake, Abigail Spanberger wa Democratic na Winsome Earle-Sears wa Republican, mzaliwa wa Jamaica, na kwa mara ya kwanza Virginia imempata gavana mwanamke, Spanberger. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa yule mwenzangu wa tufaha, gari linaunguruma. Alitoka na kofia ya kulalia. Alinung'unika njia nzima kuhusu baridi, kuhusu mimi, kuhusu wanasiasa wote tangu azaliwe. Kile kibandiko wanachokupa ukishapiga alikibandika kwenye mfuko wake wa chakula, na jana nimekiona bado kipo, kimeanza kuchakaa pembeni.

Mama asome barua hii kwanza, kisha ndio uipeleke barazani. Na ukinijibu, usinitumie tena sauti ya dakika tisa.

Dada yako